Waanze na Boriti

Doha, Septemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza asubuhi nikiwa kwenye metro naenda kazini, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akanitazama. Eti umekabidhiwa somo la nadharia ya usanifu majengo, wenzako ofisini wakakupongeza kwa uso wa kukupa pole! Huku sote wazima. Joto linaanza kupungua, ingawa saa sita mchana bado hakuna anayethubutu kuvuka barabara kwa hiari yake.

Umeniuliza uanzie wapi. Unasema mtaala uliourithi unaanza na Vitruvius wa Roma, unapita kwa Alberti, unashuka kwa Le Corbusier, na kwamba wanafunzi hukariri majina hayo hadi siku ya mtihani kisha huyaacha mlangoni wakitoka. Ungeniuliza hivi nilipokuwa na umri wako, ningekupa orodha ya vitabu. Leo nakupa jibu fupi, halafu nitalieleza: waanze na boriti.

Unaikumbuka nyumba ya bibi pale Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chumba cha juu kina urefu wa kutandika vitanda mfululizo, lakini upana wake haufiki mita tatu na ushee. Ukienda nyumba ya jirani, upana ni ule ule. Ukienda Lamu, kwenye nyumba za mawe zenye zidaka ukutani, utakuta misana, yaani kumbi za mbele, na vyumba vya ndani, vyote ni virefu na vyembamba vivyo hivyo. Sababu haina siri. Dari linabebwa na magogo ya mikoko, na mkoko hautoi gogo refu lililonyooka lenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo. Mti umeamua chumba, na chumba kimeamua kitanda kikae wapi, wageni waketi vipi, na mwanga ufike wapi.

Sasa njoo huku. Katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa ya Qatar, yaliyosanifiwa na Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 2019, kuna kasri ya zamani ya Sheikh Abdullah bin Jassim, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Jengo jipya limeizunguka kwa visahani vyake 539 vinavyoingiliana kama ua la jiwe la jangwani, na kila mgeni hupiga picha visahani. Mimi nikiwa na wageni huwaingiza kwenye kasri kwanza, nikawaambia watazame juu. Wataona boriti. Wenyeji huziita danchal, na juu yake huja fito za mianzi, kisha mkeka, kisha udongo. Upana wa vyumba ni ule ule wa Malindi, maana miti ni ile ile. Qatar haina msitu wa kutoa gogo la kujengea. Majahazi yalishuka kwa kaskazi yakileta tende, samaki wakavu na mazulia, yakarudi kwa kusi yakiwa na boriti za Lamu na Rufiji. Yule mtu wa Lamu aliyekaa ufukweni akipanga magogo kwa unene, fito kando, pau kando, mazio kando, boriti kando, nguzo kando, alikuwa akipanga pia upana wa kumbi za Doha, mji ambao huenda hakuwahi kuuona. Biashara hiyo ilififia saruji na chuma vilipoingia kwa wingi, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi.

Hiyo tayari ni nadharia, mwanangu, ingawa haikuhitaji jina la Mzungu hata mmoja. Ni dai moja linaloeleza majengo mengi, na mwanafunzi yeyote mwenye utepe wa kupimia anaweza kulijaribu. Wape kazi ya wiki ya kwanza: kila mmoja apime upana wa chumba kimoja cha zamani, atafute kilichobeba dari lake, kisha alete darasani chumba kinachokataa kanuni hii. Hapo ndipo somo linaponoga. Atatokea mmoja atakayekuletea Beit al-Ajaib ya Zanzibar: “Mwalimu, jumba hili lina veranda pana na kumbi kubwa, mbona?” Mjibu kwa swali: nini kilibeba? Ataona nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli mwaka 1883, wakati wa Sultani Sayyid Barghash, na ataona kwamba kuukataa upana wa mkoko kulikuwa tangazo la mamlaka. Na jumba hilo lilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, likaua watu wawili, swali la kipi kinabeba nini liliacha kuwa la darasani.

Kisha waulize boriti ya leo ni ipi. Hili nalijua kwa mikono yangu. Katika minara tunayochora hapa, nafasi kati ya nguzo na nguzo mara nyingi huamuliwa na magari yaliyoegeshwa chini ya ardhi. Nguzo lazima ziache magari mawili au matatu yaingie bila kugusana, na nguzo hizo hupanda juu ghorofa baada ya ghorofa. Mtu wa ghorofa ya ishirini anashangaa kwa nini nguzo imeota katikati ya sebule yake. Hajui kwamba ni gari la jirani. Wanafunzi wako wa Dar es Salaam watafute yao. Inawezekana ni urefu wa bati, inawezekana ni nondo, inawezekana ni kiwanja kilichokatwa mara tatu na warithi. Usiwape jibu.

Nije sasa kwa mwanamke ambaye wanafunzi wako wa kike watataka kumsikia, nao wana haki. Zaha Hadid alizaliwa Baghdad mwaka 1950, akasoma hisabati Beirut, kisha akaenda London katika skuli ya Architectural Association. Kazi yake ya kuhitimu ilichukua umbo lililobuniwa na mchoraji Kazimir Malevich na kuligeuza hoteli juu ya daraja la Hungerford. Tangu mwaka 1977 hadi 1987 alifundisha hapo hapo. Fikiria maana ya tarehe hizo. Mwaka 1983 alishinda shindano la The Peak huko Hong Kong, mradi ambao haukujengwa, na jengo lake kubwa la kwanza, kituo cha zimamoto cha Vitra nchini Ujerumani, lilikamilika mwaka 1993. Miaka yote aliyokuwa mwalimu London, alichokuwa nacho zaidi kilikuwa picha kubwa za rangi alizochora ili kufikiri. Kwake kuchora ndiko kulikokuwa kusoma. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker.

Ninachokichukua kwake kwa ajili ya darasa lako ni hiki: usiitenge nadharia na meza ya kuchorea. Vyuo vingi vina ukumbi wa mihadhara ambako watu husinzia, na studio ambako watu hukesha, na vitu hivyo viwili havisalimiani. Ukifundisha boriti asubuhi, mchana wachore chumba chenye upana wa mita tatu ambamo familia ya watu sita wa leo inaweza kuishi. Penseli itawaambia mengi ambayo slaidi zako hazitasema.

Lakini Zaha nitakufundishia pia kwa jengo lake, maana lipo hapa, nami hulipita nikienda Al Wakrah. Uwanja wa Al Janoub, wenye viti 40,000, ulifunguliwa Mei 2019, miaka mitatu baada ya yeye kufariki. Maelezo rasmi ya ofisi yake ni kwamba umbo lake limetokana na majahazi ya Ghuba, mbavu zake zikiwa zimegeuzwa juu chini. Sisi watu wa pwani tukisikia jahazi, moyo hufunguka upesi. Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa macho. Muulize mwanafunzi: je, jahazi ndilo lililofanya paa liwe hivi? Mwache atafute. Atakuta kwamba Qatar ilipewa Kombe la Dunia mwaka 2010, kwa mashindano ya kiangazi. Mchoro wa uwanja ulionyeshwa mwaka 2013, na ilipofika 2015 ndipo ikaamuliwa mashindano yahamishiwe Novemba na Desemba 2022. Kwa hiyo paa lile kubwa, linaloweza kufungwa na kutia kivuli, pamoja na mitambo ya kupoza hewa, ni jibu la mechi za Juni na Julai ambazo hazikuchezwa. Viti vya juu viliundwa vya kuondoleka kwa sababu Al Wakrah haina watu wa kujaza viti vyote baada ya sherehe. Hizo ndizo sababu. Jahazi ni masimulizi.

Usinielewe vibaya, masimulizi si uongo. Watu wa Al Wakrah walikuwa wavuvi na wazamia lulu, na kuwapa jengo linalowakumbusha vyombo vyao ni jambo la heshima. Ila mwanafunzi asiyejua kutenganisha sababu na masimulizi atakuwa mateka wa kila kijitabu cha kuuzia jengo. Nimeona hapa majengo mapya yaliyotokeza ncha za magogo ukutani, safi, zimepangwa kwa mstari, ilhali dari la ndani ni la zege na halizitegemei hata kidogo. Boriti iliyokuwa sababu imegeuka pambo. Mwanafunzi mvivu atasema ni bandia, aishie hapo. Mfundishe aulize zaidi: kwa nini mji uliokuwa na haraka ya kubomoa nyumba za boriti miaka ya 1960 na 1970, leo unalipa ili zionekane? Nani anakumbushwa nini?

Baada ya sababu na masimulizi, swali la tatu ndilo zito, na wengi hulikwepa: jengo linamweka nani wapi? Katikati ya Doha, kwenye mtaa uliojengwa upya wa Msheireb, zimehifadhiwa nyumba nne za zamani zikawa makumbusho. Moja yao, Bin Jelmood, ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu mwaka 2015 inaeleza historia ya utumwa wa Bahari ya Hindi, na pwani yetu imo ndani. Utumwa ulikomeshwa Qatar mwaka 1952, siku ambazo watu wengi tunaowajua walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Nyumba ile ina ua katikati. Ua ni kitu ambacho kila mwalimu wa usanifu hukifundisha kwa furaha: huleta hewa, huleta kivuli, hulinda faragha. Yote kweli. Lakini ukisimama mle ndani unajua kwamba ua huo huo, na hewa hiyo hiyo, ulihudumia nyumba iliyofanya biashara ya watu, na kwamba majahazi yaliyoleta boriti hayakuleta boriti peke yake.

Linda Donley-Reid aliliona jambo hili kwenye nyumba za mawe za pwani yetu. Alionyesha kwamba mpangilio wa vyumba, toka daka la nje hadi ndani kabisa, ulikuwa pia mpangilio wa watu: nani aishie wapi, nani apite mlango upi, mtumwa akae chini na bibi wa nyumba akae juu. Mpe kila mwanafunzi ramani moja na amwambie mwenzake nani anaruhusiwa kufika chumba kipi. Wataanza kuiona ramani kwa macho mengine. Na usiwaache wafikiri ni mambo ya kale. Katika ramani za nyumba za kifahari ninazochora hapa kuna chumba cha mfanyakazi wa ndani, karibu na jiko, na mara nyingi ndicho kidogo kuliko vyote. Baadhi ya wanaolala humo wanatoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja hukupimia majlisi kwa umakini mkubwa, chumba kile anakuachia utakavyo. Basi hapo “utakavyo” yako ndiyo nadharia yako, hata kama hujaiandika popote.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Milangoni mwa majengo makubwa ya mji huu utakuta walinzi wanaosema Kiswahili, vijana wa Kisumu, wa Mbale, wa Moshi. Ukitaka kujua jengo linavyoishi muulize anayesimama mlangoni kwa muda wa saa kumi na mbili: upepo wa moto unaingilia wapi, watu hupotelea wapi, kivuli hufika saa ngapi. Wanafunzi wako nao wamhoji fundi, mama lishe na mlinzi wa chuo kabla hawajamhoji profesa.

Kutoka nje ya darasa si jambo jipya. Denise Scott Brown, aliyezaliwa Nkana, Zambia ya leo, mwaka 1931, aliwapeleka wanafunzi wa Yale kwenye barabara ya Las Vegas mwaka 1968, yeye na mumewe Robert Venturi na mwenzao Steven Izenour, wakapime mabango na maegesho ambayo wasanifu wenzao waliyadharau. Alitaka waangalie kwanza, hukumu ije baadaye. Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker ikapewa mumewe peke yake. Wanafunzi wako wana Kariakoo. Kuna soko alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, na kuna soko jingine linalojijenga kila asubuhi kuzunguka lile kwa miavuli, mikokoteni na meza. Waulize lipi limemwelewa mteja vizuri zaidi, na kwa nini. Kisha wavuke bahari hadi Michenzani, Zanzibar, wazipime zile fleti ndefu za enzi ya Mzee Karume, wawaulize waliozaliwa humo nini wamebadilisha kwa mikono yao.

Najua utakachoambiwa kikaoni. Watasema hii ni historia ya ujenzi, au ni sosholojia, nadharia iko wapi? Usibishane sana. Vitruvius hujamfukuza, umemsogeza tu wiki ya tano. Na hapo utashangaa mwenyewe, maana kitabu chake cha pili kinazungumza juu ya miti ya kujengea, upi unafaa wapi na ukatwe lini. Mwanafunzi aliyekwisha pima boriti atamsoma mzee yule kama fundi mwenzake aliyeishi mbali, na ataweza hata kumpinga. Mwanafunzi aliyeanza naye wiki ya kwanza humsoma kama sanamu.

Ukifika hapo ongeza wanawake kwenye orodha yako, kwa kuwa walifanya kazi. Prita Meier ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2016, kuhusu majengo ya miji ya bandari ya Waswahili na namna mawe yake yalivyozungumza na ng'ambo. Doreen Adengo wa Uganda, Mungu amrehemu, alisoma Yale, akafanya kazi London na New York, akarudi Kampala kufungua ofisi na kufundisha, hadi alipofariki mwaka 2022. Lesley Lokko, Mghana na Mskoti, alijenga skuli ya uzamili ya usanifu Johannesburg, na mwaka 2024 akapewa nishani ya dhahabu ya wasanifu wa Uingereza. Hapa Doha yupo Fatma Al Sehlawi, mmoja wa walioandaa maonyesho ya mwaka 2019 kuhusu kujengwa kwa mji huu tangu 1950; walikusanya picha, ramani na kumbukumbu za watu wa mji ambao huwahi kubomoa kabla haujaandika. Binti anayekaa nyuma darasani anahitaji kujua kwamba hawa wapo. Zaidi ya hapo, anahitaji kujua walifikiri nini, ili naye awabishie.

Kuhusu mtihani. Usiulize tena nani alisema nini mwaka gani. Wape picha na ramani ya jengo wasilolijua, pamoja na maelezo ya mwenye jengo, halafu maswali matatu. Nini kimelifanya liwe hivi? Linasemwa kuwa nini? Linamweka nani wapi? Anayeweza kujibu hayo kwa kurasa tatu, kwa ushahidi unaoonekana kwenye ramani, amefaulu nadharia, hata kama jina la Alberti limemtoka. Na kabla ya kuandika, waache wabishane kwa Kiswahili. Nimeshuhudia mabinti wa Chuo Kikuu cha Qatar waliokuja kufanya mazoezi ofisini kwetu: mbele ya wakubwa walitoa sentensi za kuazima kutoka vitabuni, wakirudi mezani kwao na kuongea lugha yao, fikra zilikuja zenyewe.

Jambo la mwisho, halafu nikuache. Mwaka wa kwanza hautakwenda ulivyopanga. Kuna watakaopima vyumba vya kubuni wakiwa wamelala bwenini, utawajua kwa sababu vipimo vyao vitakuwa vizuri mno. Wasikuvunje moyo. Wachukue hao hao uwapeleke nyumba moja kwa miguu yako, uwashikishe utepe.

Picha za dari la kasri nitakutumia wiki hii, pamoja na ramani ya ghorofa ya chini ya mnara mmoja ili uwaonyeshe magari. Msalimu baba yako, mwambie dawa zake nimempa msafiri. Nawe niandikie maswali ya mtihani wako kabla hujayapeleka kwa mkuu wa idara, niyajibu mimi kwanza. Nikifaulu yote, ujue ni mepesi, uyaandike upya.

Wasalaam,

Shangazi yako